Bima Isikatike Njiani: Mwongozo kwa Muuguzi wa Mikataba Marekani

Zamu yako ya mwisho inaisha saa moja asubuhi. Unakabidhi wagonjwa, unarudisha kitambulisho cha hospitali, unaingia kwenye gari lililojaa masanduku, sufuria ya ugali imefungwa taulo kwenye kiti cha nyuma. Wiki 13 zimekwisha. Mkataba mwingine uko jimbo la mbali na utaanza baada ya wiki tatu. Ukiteleza bafuni kesho ukavunjika mkono, nani atalipa?

Wengi wetu hatujiulizi swali hilo mpaka bili ifike. Kila zamu tunawaona wagonjwa wasio na bima wakiuliza bei kabla ya kukubali kipimo, nasi wenyewe tunakaa wiki kadhaa kila mwaka na kadi iliyokufa mfukoni. Mwongozo huu ni wako muuguzi, msaidizi wa muuguzi, fundi wa maabara au mtaalamu wa tiba ya upumuaji, unayezungumza Kiswahili na kufanya kazi Marekani kwa mikataba mifupi ya mawakala. Huhitaji kuwa mwanasheria. Unahitaji kalenda, kalamu, na ujasiri wa kuuliza kabla ya kusaini.

Kwa nini bima yako hukatika

Marekani, bima ya mtu mzima anayefanya kazi kwa kawaida imefungwa kwenye ajira yake. Aliyeajiriwa hospitali moja miaka kumi hana haja ya kufikiria tarehe. Wewe mwajiri wako ni wakala, na ajira yako inaanza na kuisha mara tatu au nne kwa mwaka. Kila inapoisha bima hutikisika, na kila inapoanza huenda ukangoja.

Sheria ya bima ya mwaka 2010, ile ambayo watu huiita Obamacare, inakataza mwajiri kukuwekea muda wa kungoja unaozidi siku 90. Sasa piga hesabu: wiki 13 ni siku 91. Wakala anayetumia ruhusa hiyo yote anaweza kukupa bima siku ile unayofunga masanduku, na sheria haijavunjwa. Mawakala wengi wana masharti bora kuliko hayo, na baadhi huanza siku ya kwanza ya kazi. Lakini hutajua wako yuko kundi gani usipouliza.

> Maneno manne yatakayorudi katika mwongozo huu
>
> Ada ya mwezi: unayolipa uumwe usiumwe.
>
> Kizingiti: kiasi unachojilipia mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia matibabu mengi.
>
> Kikomo cha mwaka: ukishalipa kiasi hiki, bima hulipa huduma zote inazozikubali ndani ya mtandao wake. Kwa mwaka 2026 sheria hairuhusu kizidi dola 10,600 kwa mtu mmoja na 21,200 kwa familia.
>
> Mtandao: hospitali na madaktari walioingia mkataba na kampuni ya bima yako. Nje ya hapo unaweza kulipa zaidi, au kulipa yote.

Kizingiti ndicho kinachowaumiza watu wa mikataba kimyakimya. Ukibadili bima katikati ya mwaka, kwa kawaida unaanza kukihesabu upya. Umelipa dola elfu mbili kwa wakala wa kwanza kufikia Aprili, ukahamia wa pili mwezi Mei, unarudi sifuri. Kwa mwenye kisukari, shinikizo la damu au mtoto mwenye pumu, mawakala watatu kwa mwaka ni vizingiti vitatu.

Kabla ya kusaini: maswali saba

Ofisa wa wakala anayekutafutia kazi atakueleza malipo ya wiki, posho ya nyumba na posho ya chakula. Ukiuliza bima atakujibu kwamba ni nzuri. Usiridhike na neno hilo. Mwandikie barua pepe yenye maswali haya, na majibu yaje kwa maandishi:

1. Bima inaanza tarehe gani hasa: siku ya kwanza ya kazi, siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, au baada ya siku 30?
2. Inaisha lini: siku ya zamu ya mwisho, au mwisho wa mwezi huo? Mkataba ukiisha tarehe 3, tofauti hiyo ni karibu mwezi mzima wa bima.
3. Nikichukua mkataba mwingine kwenu, mnaendelea kunibeba siku ngapi katikati, na ada ya siku hizo nani analipa?
4. Hospitali ikivunja mkataba kabla ya wakati, bima yangu inakwenda mpaka lini?
5. Zamu zangu zikikatwa kwa sababu wagonjwa ni wachache, nahitaji saa ngapi kwa wiki ili nibaki na bima?
6. Ni HMO, EPO au PPO (aina za bima nitakazozieleza mbele)? Na je, hospitali na madaktari wa mji ninaokwenda wamo kwenye mtandao?
7. Nitakatwa kiasi gani kwa wiki, mimi peke yangu, na mimi na familia?

Omba pia muhtasari rasmi wa manufaa na gharama za bima hiyo. Kila bima ya aina hii inalazimika kuwa nao, umeandikwa kwa mpangilio mmoja nchi nzima, na una mifano ya gharama, ukiwemo wa kujifungua. Weka mihtasari miwili ya mawakala wawili mezani na utaona tofauti ambayo malipo ya wiki yanaificha. Nimeona watu wakimkimbilia wakala anayelipa dola 60 zaidi kwa wiki, bima yake ikiwa na kizingiti kilichomeza nyongeza hiyo yote kwa ugonjwa mmoja tu.

COBRA: mwavuli ulio nyuma ya mlango

COBRA ni sheria ya tangu miaka ya 1980 inayokuruhusu kubaki kwenye bima ileile ya mwajiri baada ya kazi kuisha au saa kupunguzwa, hadi miezi 18. Inawahusu waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Kwa walio chini ya hapo majimbo mengi yana sheria zao zinazofanana nayo. Ubaya wake ni bei. Wakala hachangii tena, na unaweza kutozwa hadi asilimia 102 ya gharama yote. Ikiwa bima yako inagharimu dola 700 kwa mwezi na wewe ulikuwa ukikatwa 150 tu, sasa utalipa 714.

Wengi wakiona tarakimu hiyo kwenye barua ya COBRA inayotumwa kazi ikiisha, huitupa kwenye taka. Usiitupe! Thamani yake kwako, mtu wa mapengo mafupi, iko mahali pengine: una siku 60 za kuamua, na ukikubali, bima inarudi nyuma hadi siku ile ile ilipokatika. Ukishakubali una siku 45 nyingine za kufanya malipo ya kwanza. Tazama inavyofanya kazi kwenye kalenda.

Tuseme mkataba wako na bima yako vimeisha Ijumaa tarehe 13 Machi 2026. Mkataba mpya, kwa wakala mwingine, unaanza Jumatatu tarehe 6 Aprili, na bima ya wakala huyo huanza siku ya kwanza ya mwezi unaofuata, yaani 1 Mei. Pengo lako ni kuanzia 14 Machi hadi 30 Aprili, siku 48. Dirisha la COBRA halifungwi kabla ya 12 Mei. Kwa hiyo pengo lote limo ndani ya dirisha. Ukifika 1 Mei hujaumwa, hujalipa chochote na huna haja nayo tena. Ukilazwa kwa kidole tumbo tarehe 9 Aprili, unajaza fomu, unalipa ada tangu 14 Machi, na bima ya zamani inawajibika kama vile haikukatika.

Hiyo ni haki yako kisheria. Lakini ina masharti ya kibinadamu:

- Fedha ziwepo. Tenga ada ya miezi miwili kwenye akaunti isiyoguswa. Asiye nazo hana COBRA, hata kama ana barua.
- Hospitali inaweza kukudai kwanza. Bima ikikaguliwa itaonekana imekufa. Waeleze kwamba uko ndani ya dirisha la COBRA, tunza kila risiti, kisha udai baadaye.
- Mtu mmoja ajue. Ukiwa umelala bila fahamu, nani atajaza fomu? Mpe mwenzi wako, ndugu yako au rafiki wa kuaminika nakala ya barua na tarehe ya mwisho.
- Usicheze mchezo huu ukiwa mjamzito, una dawa za kila siku, au una miadi ya daktari ndani ya pengo. Wewe lipa COBRA tangu siku ya kwanza, au tafuta bima nyingine kabla.

Sasa kuhusu hiyo barua yenyewe. Mwaka wangu wa pili wa mikataba nilihama chumba nilichopanga siku mbili baada ya zamu ya mwisho. Barua ya COBRA ilikuja pale. Mwenye nyumba, mama mwema kabisa, aliiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na kuponi za duka akisubiri nipite. Wiki ya tano jiwe la figo likanilaza usiku mmoja. Nilipokuja kuishika ile bahasha, ikiwa bado imefungwa, dirisha lilikuwa limepita kwa siku tisa. Nilibishana, nikaambiwa, na ndivyo sheria ilivyo, kwamba barua ikitumwa kwa posta kwenye anwani ya mwisho waliyonayo, wametimiza wajibu wao. Siku zinahesabiwa tangu ilipotumwa au bima ilipokatika, ipi iliyo ya baadaye, wala si tangu uliposoma. Bili ile niliilipa kwa awamu, mkataba baada ya mkataba.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya mkataba kuisha:

1. Mpe wakala kwa maandishi anwani ya kudumu, ya ndugu anayefungua sanduku lake la barua kila siku.
2. Jaza fomu ya posta ya kuhamisha barua kutoka anwani ya muda.
3. Uliza ni kampuni gani inayosimamia COBRA ya wakala. Mara nyingi ni kampuni nyingine kabisa. Andika jina na simu yake.
4. Wiki ya tatu baada ya bima kukatika barua haijaonekana? Piga simu, usingoje. Mwajiri na msimamizi wa bima kwa pamoja wana hadi siku 44 za kuituma.

Soko la Bima: bima iliyo yako mwenyewe

Njia ya pili ni kununua bima kupitia HealthCare.gov au soko la jimbo lako. California, New York na Massachusetts ni kati ya majimbo yenye masoko yao. Bima hii haifuati mwajiri. Wakala akuache, hospitali ivunje mkataba, kadi yako inaendelea kufanya kazi maadamu unalipa ada. Haiwezi kukukataa wala kukutoza zaidi kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa nao.

Msimu wa kujiandikisha huanza 1 Novemba kila mwaka, na ukimaliza kufikia 15 Desemba, bima inaanza 1 Januari. Nje ya msimu huo unahitaji sababu inayotambuliwa, na kupoteza bima ya kazi ni mojawapo: una siku 60 kabla na siku 60 baada ya tarehe ya kupoteza. Hizo siku 60 za kabla ndizo watu wanazisahau. Bima ya Sokoni kwa kawaida huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Ukijua bima yako inaisha 31 Machi, chagua ya Sokoni mapema mwezi huo huo, na 1 Aprili unaamka na kadi mpya bila pengo hata la siku moja. Ukingoja mpaka Aprili, utaanza Mei.

Angalia mtego huu. Ukichukua COBRA kisha ukachoka na bei yake baada ya dirisha la Soko kupita, ukaiacha kwa hiari, kuiacha huko hakukufungulii mlango wa Soko. Utangoja hadi Novemba. Amua mapema ni ipi.

Ukihama kweli kwenda jimbo jingine, kuhama nako kunakupa siku 60 za kuchagua bima mpya, ila lazima uonyeshe kwamba ulikuwa na bima angalau siku moja ndani ya siku 60 kabla ya kuhama. Kwenda mahali kwa wiki 13 huku nyumba yako, watoto wako na kodi zako viko Texas hakukufanyi mkazi wa huko. Bima yako ni ya Texas.

Kuhusu ruzuku ya ada kuna mambo matatu. Ya kwanza, ikiwa wakala anakupa bima inayokidhi kiwango, na sehemu yako peke yako haizidi asilimia 9.96 ya mapato ya kaya kwa mwaka 2026, huna haki ya ruzuku hata ukiikataa bima hiyo. Ya pili, nafuu ya ziada iliyoanza 2021 ilimalizika mwisho wa 2025, na kikomo cha mapato kikarudi: kwa mtu aishiye peke yake, dola 62,600 kwa bima ya 2026. Posho halali za nyumba na chakula zisizotozwa kodi hazimo katika hesabu hiyo, lakini zamu za ziada zimo. Ya tatu, kuanzia mwaka wa kodi 2026, ukikadiria mapato chini ukapewa ruzuku kubwa kuliko unayostahili, unarudisha yote. Kikomo cha marejesho kilichowalinda watu zamani kimeondolewa. Ukisaini mkataba unaolipa zaidi, ingia Sokoni wiki hiyo hiyo ubadilishe makadirio. Tunza Fomu 1095-A inapokuja mwanzoni mwa mwaka, kwa kuwa huwezi kufunga hesabu za kodi bila hiyo.

Ipi ikufae

Nitasema ninavyoona. Ukikaa na wakala mmoja anayekubeba kati ya mikataba, bima yake mara nyingi ndiyo nafuu. Ukiwa mtu wa kubadili mawakala kufuata malipo na una ugonjwa wa kudumu au watoto, nunua ya kwako Sokoni mwezi Novemba, ikatae ya kila wakala, na uulize kama kuikataa kunaongeza malipo yako ya saa. Kwa baadhi yao huongeza. Utalipa ada kubwa zaidi lakini kizingiti chako ni kimoja mwaka mzima. Na ukiwa na mwenzi mwenye kazi ya kudumu na bima ya familia, ingia kwake. Hapo tahadhari: dirisha la kuingia bima ya mwajiri wa mwenzi baada ya kupoteza yako ni siku 30 kwa kawaida, siyo 60. Mtoto akizaliwa ni vivyo hivyo: siku 30 kwa bima ya kazi, 60 kwa Soko. Kijana wako anaweza kubaki kwenye bima ya mzazi hadi atimize miaka 26.

Bima za muda mfupi zinazotangazwa kwa bei ya chini nisingekushauri, isipokuwa ukiwa mzima kabisa na huna njia nyingine. Zinaruhusiwa kukataa ugonjwa wa zamani, nyingi hazigusi uzazi, na zikiisha hazikupi dirisha la kuingia Sokoni.

Kadi inafika, lakini mtandao haufiki

Hapa ndipo wenye bima nzuri hushangaa. HMO na EPO kwa kawaida hazilipi nje ya mtandao isipokuwa dharura. PPO hulipa, kwa kiwango kidogo. Bima nyingi za Sokoni ni HMO na EPO, na mtandao wake mara nyingi hauvuki mpaka wa jimbo.

Dharura una kinga. Tangu 1 Januari 2022, chumba cha dharura cha hospitali iliyo nje ya mtandao hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya ambavyo ungelipa ndani ya mtandao. Gari la wagonjwa la barabarani halimo katika kinga hiyo; helikopta imo. Asiye na bima kabisa naye asiogope kwenda: sheria ya 1986 inazilazimisha idara za dharura kumpima na kumtuliza kila anayefika. Bili itakuja baadaye, ila uhai kwanza.

Yasiyo ya dharura yapange kabla ya safari:

- Meno, macho, kipimo cha shingo ya kizazi, chanjo: fanya ukiwa nyumbani.
- Dawa za kila siku: omba za siku 90 pale bima inaporuhusu, na uwe na famasi yenye matawi nchi nzima.
- Daktari kwa video: lazima awe na leseni ya jimbo ulipo wewe wakati huo. Leseni yako ya uuguzi inaweza kutumika katika majimbo takriban 40 yenye makubaliano. Ya daktari wako huenda isitumike hivyo. Muulize kabla hujaondoka.

> Sindano ikikuchoma kazini
>
> Hili si suala la bima yako ya afya. Ni fidia ya wafanyakazi, na mwajiri wa kudai kwake kwa kawaida ni wakala.
>
> 1. Osha kwa sabuni na maji mara moja. Usikamue jeraha.
> 2. Mwambie kiongozi wa zamu papo hapo. Zamu haitaanguka kwa dakika kumi.
> 3. Dawa za kuzuia VVU zinaanza haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Kila saa ina uzito.
> 4. Mpigie wakala simu siku hiyo hiyo na uandike ripoti ya tukio. Uondoke na nakala.
> 5. Mapokezi wakikuomba kadi ya bima, sema: hili ni jeraha la kazini.
>
> Vipimo vya ufuatiliaji huendelea kwa wiki na miezi, pengine mkataba ukiwa umekwisha. Fidia haiishi na mkataba. Tunza namba ya dai.

Ukienda nyumbani kati ya mikataba

Wiki za pengo ndizo wiki za kwenda Moshi, Kisumu au Tanga kumwona mama. Bima nyingi za Marekani hazilipi nje ya nchi, au hulipa dharura tu, nawe utalipa kwanza taslimu. Bima ya serikali ya huko, SHA ya Kenya au NHIF ya Tanzania, haitakuhudumia kwa sababu tu ulizaliwa huko. Inamhudumia aliyesajiliwa na kuchangia. Nunua bima ya safari inayogharimia matibabu na kusafirishwa kwa mgonjwa, na soma kama inakubali ugonjwa ulio nao.

Tena usidharau malaria. Sisi tunaorudi kuwatembelea ndugu ndio tunaorudi nayo Marekani zaidi ya watalii, kwa sababu tunadhani mwili bado unaikumbuka. Kinga hiyo hupungua ukikaa miaka nje. Chukua dawa za kinga kwa cheti cha daktari kabla bima haijakatika. Ukirudi ukapata homa, mwambie daktari jambo la kwanza kabisa kwamba umetoka Afrika Mashariki.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kudhani bima inaisha mwisho wa mwezi kwa kuwa wakala wa zamani alifanya hivyo. Kulipia bima mbili kwa miezi mitatu kwa kusahau kufuta ya Soko. Kuacha fedha za afya zilizokatwa kwenye mshahara: akaunti ya FSA kwa kawaida hufa na ajira, zitumie kabla ya siku ya mwisho, ya HSA ni yako milele, na inaruhusiwa hata kulipia ada ya COBRA. Kutegemea likizo ya uzazi ya kisheria: sheria ya FMLA inataka miezi 12 na saa 1,250 kwa mwajiri mmoja, kwa hiyo anayebadili mawakala kila msimu haifikii. Mwenye mpango wa kushika mimba na atulie na wakala mmoja mapema.

Pia kuna majimbo yanayotoza faini kwenye kodi kwa mkazi asiye na bima: California, Massachusetts, New Jersey na Rhode Island, pamoja na jiji la Washington DC. Pengo fupi kwa kawaida husamehewa.

Orodha ya kubandika kwenye jokofu

*Siku 60 kabla ya mkataba kuisha*
☐ Nimeuliza tarehe kamili bima inapoisha, kwa maandishi
☐ Nimeamua: wakala yuleyule, Soko, mwenzi au COBRA
☐ Nimefanya vipimo na meno

*Wiki ya mwisho*
☐ Dawa za siku 90 ziko mkononi
☐ Anwani ya kudumu iko kwa wakala, barua zinahamishwa
☐ Nimepakua uthibitisho wa bima na historia ya madai
☐ FSA imetumika

*Ndani ya pengo*
☐ Tarehe ya mwisho ya COBRA imezungushiwa wino mwekundu
☐ Ada ya miezi miwili iko kwenye akaunti
☐ Ndugu mmoja anajua

*Siku ya kwanza kazini*
☐ Fomu ya bima mpya imejazwa, haikuahirishwa
☐ Namba ya wakala ya kuripoti jeraha iko kwenye simu

Wakala akikataa kukutumia barua ya COBRA au akikwepa maswali yako, Idara ya Kazi ya Marekani ina washauri wa bure kwa simu 1-866-444-3272. Kwa mambo ya Soko, piga kituo cha simu cha HealthCare.gov. Kiingereza cha wodini na Kiingereza cha bima ni viwili tofauti, kwa hiyo usione haya: omba mkalimani wa Kiswahili kabla hujaanza kueleza shida yako. Wanao, na hutozwi hata senti moja.